Dodoma Pamejaa, Njooni Tu

Kijiwe chetu kipo chini ya mwarobaini, nyuma kidogo ya Soko la Majengo. Mabenchi mawili, jiko la mkaa, birika la kahawa na sahani ya kashata ambayo haijawahi kuisha wala kujaa. Mwenyekiti wa kudumu ni Mzee Mlenda, Mgogo aliyezaliwa hapa kabla ya Uhuru. Kulia kwake hukaa Bwana Posho, mtumishi wa wizara aliyehamishwa kutoka Dar na ambaye bado anasema "nyumbani" akimaanisha Mbagala. Kushoto yupo Dalali Bikoni, simu tatu, ofisi hana. Dogo Injini hakai, yeye huegemea pikipiki yake akisikiliza kwa sikio moja na kutafuta abiria kwa lingine. Mama Mtera anapika jirani, lakini maoni yake huyaleta hapa yakiwa ya moto. Mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) huonekana bumu la mkopo wa masomo likiisha, yaani mara nyingi.

Jumamosi iliyopita Bwana Posho alikuja na shemeji yake wa Dar, mdogo wa mkewe, amevaa miwani ya jua na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Dodoma, mwezi wa nane, upepo unavuma! Sote tuliviangalia, hakuna aliyesema kitu.

"Mbukwenyi!" Shemeji akasalimu. Ndilo neno pekee la Kigogo alilofundishwa kwenye treni.

Mzee Mlenda akamjibu vizuri, akamsogezea nafasi. "Umefika lini, mjukuu wangu?"

"Jana jioni, babu. Nimetoka Dar baada ya chakula cha mchana, jua halijazama nimeshashuka hapa. Karanga nilizonunua sijazimaliza."

"Umewahi sana," Mzee akasema. "Chama kiliamua makao makuu yahamie hapa mwaka 1973. Nilikuwa kijana, tukafagia mitaa, tukasubiri wageni. Serikali ikaja kufunga mizigo 2016. Miaka 43 njiani! Wewe saa nne tu. Hiyo treni ya umeme imejitahidi."

Bwana Posho akakohoa. Akitaniwa yeye anavumilia. Ikitaniwa serikali, hukohoa.

"Lakini babu," Shemeji akaendelea, "mji wenyewe uko wapi? Asubuhi nimetembea dakika kumi kutoka Nyerere Square, nikaona mji umeniishia mguuni."

Hapo Dogo Injini akazima pikipiki, jambo ambalo hafanyi hata mbele ya trafiki. "Umekuishia wapi, kaka? Mimi napeleka watu Nala, Nkuhungu, Ihumwa, Iyumbu. Kwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali ni kilomita kama kumi na saba kutoka hapa, upepo unakusukuma kurudi. Stendi ya mabasi ipo kule Nzuguni. Abiria anashuka na mabegi anasema, 'Alhamdulillahi, nimefika Dodoma.' Namwambia karibu Dodoma, mama, sasa panda nikupeleke Dodoma."

"Na mitaa inazaliwa usiku," Mwanachuo akaongeza. "Mwaka wa kwanza, kutoka kitivo changu hadi mjini nilikuwa naona mibuyu. Sasa hivi naona mabango ya viwanja."

Neno "viwanja" likamwamsha Dalali Bikoni. Akakaa wima, simu mbili akazitia mfukoni, kwenye ya tatu akafungua picha. "Shemeji, mimi sisemi sana. Nina kiwanja, kimepimwa, bikoni zote zipo, hati inafuata. Dakika kumi tu kutoka Nyerere Square."

"Kwa helikopta ya nani?" Mama Mtera akauliza kutoka kwenye masufuria.

"Mama, barabara ya mzunguko ikikamilika! Kilomita 112 na ushee, inazunguka mji wote. Aliyenunua kando yake leo, kesho anaitwa mheshimiwa."

"Wewe kila barabara ikichorwa unaipitisha kwenye kiwanja chako."

Tuwe wa kweli: Bikoni anadanganya dakika, lakini hadanganyi mwelekeo. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Miaka kumi tu. Katikati hapo, tarehe 26 Aprili 2018, Rais Magufuli alitupandisha kutoka manispaa kuwa jiji, na kesho yake asubuhi nyanya zikapanda nazo.

"Sasa nieleze, shemeji yangu," Shemeji akamgeukia Bwana Posho, "wewe ulilia kuhama Dar. Dada alinipigia simu akasema mume wangu analia sebuleni. Leo nakukuta umenenepa. Hapa kuna nini? Bahari hamna!"

Bwana Posho akaweka kikombe chini. Alikuwa anasubiri swali hili tangu ahamie.

"Kuna saa," akasema. "Mbagala nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Watoto nawaacha wamelala, nikirudi saa tatu usiku nawakuta wamelala. Mdogo alikuwa ananijua kwa sauti tu. Nimehamia hapa, naishi Kisasa, natoka kazini saa tisa na nusu, saa kumi kamili nimeshavua viatu. Wiki ya kwanza dada yako alidhani nimefukuzwa kazi. Akaenda chumbani kuomba. Wiki ya pili akaanza kuniuliza, 'Baba, huna vikao huko?' Siku moja nikarudi mchana kula. Mchana, shemeji! Nikala wali wangu, nikalala robo saa, nikarudi ofisini. Dar ukitaka kula nyumbani mchana lazima uchukue likizo."

Kijiwe kizima kikatikisa kichwa. Hata Bikoni alinyamaza, na Bikoni kunyamaza ni habari.

"Lakini kuna hasara yake," Bwana Posho akashusha sauti. "Dar foleni ilikuwa inatulinda. Ukichelewa saa tatu unasema, 'Mke wangu, Tazara hapapitiki.' Kesi imekwisha. Hapa ukichelewa nusu saa hakuna daraja, hakuna bahari, hakuna mafuriko ya Jangwani. Unasimama mlangoni huna la kusema."

"Na mji mdogo huu, kila mtu ana macho," Dogo Injini akacheka. "Juzi nimempeleka mheshimiwa mmoja pale Chako ni Chako kula kuku, na dada mmoja mzuri. Kabla hawajanawa mikono, mke kapiga simu."

"Sasa alikosea nini?" Mama Mtera akasema. "Jina la mahali limeshamwambia. Kuku chake, na yule dada wa nani?"

Tulicheka mpaka muuza kahawa akamwagia moto maji.

Hilo la macho nami nataka kulisemea kidogo, kwa kuwa wageni hawaliandiki kwenye kadi za utalii. Dodoma imefika umri mzuri. Ina hospitali kubwa ya Benjamin Mkapa, ina chuo kikuu tangu 2007 ambacho ukikiangalia kwa mbali unadhani ni wilaya, ina treni, ina Bunge. Lakini bado ni mji ambao mkurugenzi unamkuta Majengo amebeba mchicha mwenyewe, anabishana bei ya vitunguu na mama ambaye mwanawe ni mhudumu ofisini kwake. Jumatatu wakikutana kwenye korido, heshima ipo ila vitunguu havisahauliki. Dar bosi unamwona kwenye televisheni. Hapa unamwona kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga, na ukiwahi, unamtangulia.

"Mimi kero yangu ni chakula," Mama Mtera akasogea na mwiko mkononi. "Nyie wa pwani mkifika tu, 'Mama, samaki wapo? Changu yupo? Pweza yupo?' Pweza Dodoma atembelee nini? Nawaambia nina perege wa Mtera, mbichi, ametoka bwawani, wananiangalia kana kwamba nimewatukana. Baada ya mwezi mmoja wanamfuata wenyewe. Baada ya miezi miwili wanaomba mlenda. Huyu shemeji yako, Bwana Posho, alisema mlenda unateleza. Leo anakula ugali wa uwele na mlenda, anafunga macho."

"Mama, hilo lilikuwa la siri."

"Siri Dodoma?"

Shemeji akakuna kidevu. Akatazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa na rangi ya mkoa. "Sawa, hewa nimeikubali. Jana usiku nimejifunika blanketi, sijafanya hivyo tangu nizaliwe. Lakini vumbi hili! Na maji dada anasema ya mgao. Na usiku mji umelala saa tatu."

"Zamani ulilala," Mwanachuo akapinga. "Njoo wakati wa Bunge la bajeti uone kama kuna anayelala. Chumba cha gesti ukikipata, unakipata kwa jina la mjumbe wa kamati."

Vumbi na maji hatukuweza kumbishia. Mji huu umekaa katikati ya nchi kavu, mvua zinaanza Desemba na kuisha Aprili, na sehemu kubwa ya maji ya bomba inatoka kwenye visima vya Mzakwe. Visima vile havikupewa taarifa kwamba wizara zote zinakuja. Wakanada walituchorea ramani ya mji mwaka 1976, nzuri sana, na kwa muda mrefu ilikuwa na mistari mingi kuliko nyumba. Leo nyumba zimeipita mistari.

Bikoni, ambaye hushindwa kukaa kimya zaidi ya dakika tano, akamgeukia Mzee Mlenda. "Mzee wangu, hapa hapa mbele ya mashahidi. Lile shamba lako la zabibu la Mpunguzi. Nina mteja. Anaweka pesa mezani leo, unajenga nyumba ya bati la kisasa, unapumzika."

Mzee Mlenda hakujibu upesi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wake wa kaniki, akatoa shada dogo la zabibu nyeusi, akalipitisha kwa kila mtu, punje mbilimbili. Zilikuwa na vumbi, tukazipangusa kwa vidole, tukala. Tamu, na ganda lake linakwaruza ulimi. Mapadre wa Bihawana ndio walioleta miche huku miaka ya 1950, na ardhi hii iliyokuwa inasemwa haifai kwa lolote ikaipokea.

"Mzabibu," Mzee akasema, "unanipa mavuno mara mbili kwa mwaka. Kiwanja kitanipa mara moja, halafu kitakupa wewe maisha yako yote. Nilikuuzia lile la Nzuguni, nikanunua ng'ombe sita. Nimebaki na wanne. Wewe umebaki na gari."

"Mzee, gari ni la mkopo!"

"Basi na mkopo wenyewe ni wangu."

Bikoni akaagiza kahawa nyingine, hasira zake zote akazimalizia kwenye kashata.

Wakati tukidhani maongezi yamekwisha, Shemeji akamvuta Bikoni pembeni. Pembeni ya kijiwe chetu ni hatua mbili, kwa hiyo sote tulisikia. Alikuwa anauliza kiwanja cha mita za mraba mia sita, si cha kuishi, la hasha, yeye ni mtu wa bahari. Cha kujenga vyumba vya kupangisha watumishi. "Mimi siishi huku," akasema, "mimi nawekeza tu."

"Hao sasa!" Mama Mtera akapiga mwiko kwenye sufuria. "Hao ndio wanaotupandishia kodi. Chumba changu cha biashara kimepanda mara mbili, mwenye nyumba yuko Sinza, hajawahi kukanyaga vumbi la hapa."

Mzee Mlenda akainua mkono, kijiwe kikatulia.

"Mwacheni," akasema. "Mjukuu wangu, unajua zamani mlitutania nini huko Dar? Mgogo ombaomba. Mgogo amekaa kwenye taa za barabarani ananyoosha bakuli. Nilivumilia, ni utani. Leo nakaa hapa hapa chini ya mti wangu. Anakuja mkurugenzi, anaomba kiwanja. Anakuja mwalimu, anaomba chumba. Anakuja daktari, anaomba maji ndoo moja, mgao umempita. Wewe umekuja na viatu vyeupe, unaomba mita mia sita." Akameza punje ya mwisho. "Ombaomba ni nani sasa?"

Dogo Injini alianguka chini kwa kicheko. Bwana Posho alikohoa mara tatu. Shemeji naye, kwa haki yake, alicheka kwa moyo, akalipa kahawa ya watu wote na kumwomba Mzee radhi kwa niaba ya Dar nzima. Kiwanja hakununua. Bikoni anasema "bado tunaongea", na tunamjua.

Nawe msomaji, ukiamua kuja, njoo tu, pamejaa lakini pana nafasi. Nunua tiketi ya treni mapema. Juni na Julai lete koti, Oktoba acha koti lete kofia, na viatu vyeupe acha huko huko. Kama ni wakati wa Bunge la bajeti, tafuta chumba kabla hujafunga begi. Zabibu nunua kwa mkulima, si kwa mchuuzi wa tatu. Ukifika Majengo ulizia kijiwe cha Mzee Mlenda, kila mtu anakijua. Atakupa punje mbili bure. Bei ya shamba usimuulize.