Sifa za Bata wa Mji Kasoro Bahari

Morogoro huitwa mji kasoro bahari, na wenyeji wake wamekwisha kuridhika na kasoro hiyo. Wana milima ya Uluguru inayopanda zaidi ya mita 2,600, wana Mto Morogoro unaoteremka hadi katikati ya mji, wana Bwawa la Mindu. Bahari haikufika, basi. Mkazi mmoja tu ndiye aliyekataa kata kata kuukubali upungufu huo, naye ni bata. Mpe dimbwi lililochimbwa na tairi la lori kule Kihonda, lisilozidi upana wa kitanda, ataingia humo na watoto kumi nyuma yake kama meli inayotia nanga.

Tena ana haki ya kulalamika. Maji ya Uluguru huingia Mto Ruvu na kwenda kunywewa Dar es Salaam, mji ambao tayari una bahari yake. Bata wa Morogoro ameachiwa mtaro. Hakuandamana, hakuandika barua kwa mkuu wa mkoa. Ameingia mtaroni akaanza kuogelea.

Wanaomsema hawakosi. Shtaka la kwanza ni uchafu: bakuli la maji aliyowekewa kuku asubuhi hugeuka uji wa tope kabla mwenye nyumba hajarudi ndani. Ni kweli. Lakini bata asipozamisha kichwa hawezi kusafisha macho na pua zake, kwa hiyo bakuli hilo kwake ni bilauri, beseni na bafu kwa pamoja. Kuku hunywa tone moja, akainua shingo kama anayeomba dua, wala hajawahi kunawa uso tangu azaliwe. Nani mchafu hapo?

Shtaka la pili ni ugeni, na hili halina ubishi. Bata yule mwenye nyama nyekundu usoni, aliyejaa kwenye nyua za Mwembesongo na Mji Mpya, asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ambako wenyeji walimfuga kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Waingereza wakampa jina la Moscow, ingawa hana hata shangazi huko Urusi. Waswahili nao walimwita binamu yake bata bukini, yaani wa Bukini, jina lao la zamani la Madagaska. Ukoo mzima unatembea na vitambulisho vya kutatanisha. Hata hivyo, mgeni huyu ana adabu ya jirani mwema: hapayuki. Dume akikasirika hutoa pumzi tu, kama tairi la baiskeli linalopungua upepo. Mwenye jogoo anayewika saa 10 alfajiri dirishani kwa mwenzake na anyamaze.

Kwenye ulezi ndiko sifa zake zinapozidi mizani. Kuku hutamia siku 21 na mtaa wote ukampa pole. Bata huyu hutamia siku 35. Hujing'oa manyoya ya kifuani akatandika kiota, na anapotoka kula na kuoga huyafunika mayai kwanza, kisha hurudi mbio.

Wapo wafugaji wanaomdhulumu hata hapo, wakachukua mayai yake na kumwekea kuku. Malipo yake huonekana mtaroni. Kuku amewaangua, amewachakuria mchwa, amewafundisha kila anachokijua. Siku moja mvua inanyesha, mtaro unajaa, na watoto wanatumbukia mmoja baada ya mwingine, tubwi, tubwi, tubwi. Mama anakimbia ukingoni kwenda na kurudi, mbawa wazi, akipiga mayowe ya msiba. Wenyewe wamekwisha kufika katikati, vichwa chini, mikia juu, wanatafuta viluwiluwi.

Kwa ulinzi pia, wenye maduka wangemfikiria. Mwaka 1999 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Indiana, Marekani, waliwachunguza bata wa jamii nyingine, wale ambao madume yao yana vichwa vya kijani, wakiwa wamelala mstarini. Waliolala pembeni walifumba jicho moja na kuliacha la upande wa nje wazi, huku nusu ya ubongo ikipumzika na nusu ikikesha. Walinzi wa usiku wanaofumba yote mawili wapo, na mishahara wanapokea.

Limebaki shtaka la mboga. Tuta la mchicha likiachwa wazi kwa nusu saa, mwenyewe atakuta mashina. Ila mlaji huyohuyo, akiwekwa mahali panapomfaa, ni kibarua. Huko Fukuoka, Japani, mkulima Takao Furuno alianza mwaka 1988 kuwaachia vifaranga wa bata kwenye majaruba ya mpunga. Walikula magugu na wadudu, wakavuruga tope kwa miguu, wakaacha mbolea. Mpunga ukianza kutoa masuke, wanatolewa. Morogoro nayo ina mpunga wake Dakawa na Mkindo. Bata wa mjini, kwa sasa, ana fimbo inayomfukuza mchichani.

Na vijana wanapotaka kusema mtu anaishi kwa raha, husema anakula bata. Hawakusema anakula mbuzi, wala pilau. Raha yote ya nchi imepewa jina la ndege huyu, na hakuna aliyemuuliza.

Juni inapoingia, masika yamekwisha. Dimbwi la Kihonda limekauka na udongo wake umepasukapasuka. Mama bata amesimama palepale na watoto wake, anagonga nyufa kwa mdomo. Mlango wa jiko unafunguliwa, maji ya vyombo yanamwagwa chini ya mpapai, na msafara mzima unageuka na kwenda mbio, matako yakiyumba huku na huku. Maji yenyewe hayafuniki hata vidole vya miguu. Aliyefika wa kwanza amekwisha kuzamisha kichwa.