Kwa Kamati za Makongamano: Si Mwanafunzi, Si Profesa

Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe,
Kamati za Maandalizi ya Makongamano ya Sayansi,
Ukumbi Mkubwa, Hoteli Yoyote ya Nyota Nne na Kuendelea,
Dar es Salaam, Dodoma na Arusha.

YAH: MAOMBI YA KISANDUKU KIMOJA KWENYE FOMU YENU YA USAJILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza. Tangazo lenu nimelisoma lote, mpaka nembo za wafadhili chini kabisa. Kaulimbiu ya mwaka huu ni nzuri kama ya mwaka jana: vijana, ubunifu na maendeleo endelevu. Kijana ni mimi hapa. Ubunifu ninao wa kutosha matumizi ya nyumbani, na maendeleo sina ubishi nayo, yaendelee tu. Nikafungua fomu.

Fomu ikaniuliza kama mimi ni mtaalamu, mwanafunzi au mgeni kutoka nje ya nchi. Mtaalamu hulipiwa na mwajiri. Mgeni hulipiwa na mradi. Mwanafunzi hupewa punguzo la nusu, mradi aambatanishe kitambulisho cha chuo ambacho muda wake haujaisha. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya chakula. Mwajiri sina, mradi sina, na kitambulisho nilikirudisha siku ya kuaga chuo, nilipozungushwa na karatasi kutoka maktaba hadi bwenini hadi maabara, kila dirisha likigonga muhuri kuthibitisha kwamba sidaiwi kitabu, godoro wala bika. Muhuri wa mwisho ulipokauka, karani akachukua mkasi akakikata kitambulisho kona, akanitakia kila la heri. Nilichobaki nacho ni utafiti, na fomu yenu haina kisanduku cha mtu aliyebaki na utafiti tu.

Naomba mnivumilie niueleze hapa, maana pengine pa kuueleza sijapata.

Mwaka 2016 sumukuvu iliwadhuru watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo hutolewa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa sawasawa. Haionekani kwa macho, na ugali ukiiva nayo haiishi. Ili mahindi yakae ghalani salama, unyevu wake ushuke hadi kwenye asilimia 13 hivi. Kifaa cha kupima unyevu kipo, ila bei yake mkulima wa ekari mbili akitajiwa hucheka tu kwa adabu. Ndipo maafisa ugani wakafundisha njia ya chupa. Unachukua chupa kavu ya soda, unatia mahindi kama theluthi, unatia chumvi kavu, unaziba na kutikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Ikishuka yote chini na kuacha ukuta wa chupa safi, funga gunia.

Njia ni rahisi, nami naipenda. Tatizo ni kwamba chumvi hushika chupa pale unyevu unapozidi asilimia 15 hivi. Kati ya 13 na 15, chumvi hunyamaza. Mimi niliuliza swali dogo: katika magunia ambayo chupa imeyapitisha, mangapi bado yana unyevu wa kulea fangasi? Nikapima kwa chupa, nikapima kwa kifaa, nikalinganisha. Jibu ninalo, na jedwali lake na grafu yake. Ningelitaja hapa hapa, ila nachelea kulitoa bure nikashusha hadhi ya makongamano yenu.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana hapo ndipo fomu yenu inapoonyesha ucheshi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hukusanya data hadi muhula wa mwisho, huandika usiku, hupeleka kazi kubaindiwa na kuikabidhi mwezi wa saba. Matokeo ya utafiti yanakamilika wiki ile ile mwenye utafiti anapoacha kuwa mwanafunzi. Ikisiri mliitaka mwezi wa tatu, matokeo yakiwa bado yamo kwenye chupa. Kongamano ni mwezi wa kumi na moja, kitambulisho kikiwa kimekatwa kona. Punguzo lenu linamsubiri mtu mwenye kitambulisho na matokeo kwa wakati mmoja, na mtu huyo huishi siku chache tu mwezi Julai, akiwa kwenye foleni ya steshenari.

Niliandika kuuliza. Sekretarieti ikanijibu kwa ukarimu kwamba naruhusiwa kulipa kama mtaalamu. Nashukuru kwa kupandishwa cheo. Ada hiyo ya mtaalamu zamani mliitaja kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, mkaigeuza kuwa shilingi. Uzalendo umepanda, ada haijashuka.

Nikaambiwa kwamba ada inajumuisha begi, kalamu, daftari, chai ya saa nne, chakula cha mchana, picha ya pamoja na cheti. Waheshimiwa, chai nitakunywa nyumbani kabla sijatoka. Begi ninalo, la kongamano la mwaka 2014, nililipata mitumbani. Pale mtaani kwetu Mangi mwenye duka huniuzia mafuta ya kupima, kadiri ya hela yangu, bila kunilazimisha kuchukua dumu. Nanyi naomba mniuzie dakika kumi za kupima.

Mlinishauri pia kuhusu bango. Bango nalo lina ada ile ile, ila halina dakika. Linachapwa kwa saizi ya A0, sentimita 84 kwa 119, kisha linasafirishwa ndani ya bomba la plastiki, na konda atakuambia bomba nalo lina nauli yake kwa sababu limekaa siti. Ukifika, linabandikwa kwenye korido inayoelekea msalani. Silalamiki. Ni mahali pazuri, kila profesa atapita hapo walau mara mbili, ingawa mara ya kwanza atakuwa na haraka.

Msidhani hakuna wanaonitaka. Barua pepe za mialiko ninapokea kila wiki. Zinaniita Profesa Mashuhuri, zinasifu mchango wangu mkubwa katika upasuaji wa moyo, na kunialika kuwa mzungumzaji mkuu kwenye mji wenye ufukwe, kwa ada inayolipwa leo kabla ya saa sita usiku. Hao kisanduku changu wanacho, na wamekijaza kabisa. Mlango wa halali ukibanwa, vijana wengine huingia kwa huo, wakatoka na cheti kinachong'aa na deni. Sitaki kuwaiga. Natoa taarifa tu kwamba mna washindani, na wao wanajibu barua haraka.

Hotuba ya ufunguzi naijua, japo sijaingia ukumbini. Mgeni rasmi atakumbusha makubaliano ya Umoja wa Afrika, Khartoum mwaka 2006, kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Makofi. Kisha atamtaja Erasto Mpemba. Makofi zaidi. Naomba akifika hapo asimulie kisa chote. Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, mwaka 1963, alipoweka maziwa ya moto kwenye friza akaona yameganda kabla ya yaliyopoa. Akauliza, akachekwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akamuuliza swali lile lile, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa katika jarida la Physics Education. Leo jina la Mpemba limo kwenye vitabu vya fizikia duniani.

Angekuja kwenu, Mpemba angeulizwa taasisi yake, namba ya malipo na kitambulisho. Swali lingekosa ada, na maziwa yangeendelea kuganda bila jina.

Najua mtanijibu kwamba siku hizi kuna njia za bure. Kweli zipo, nami nimezitumia. Hifadhi ya mtandaoni ya Zenodo inapokea kazi ya yeyote na kuipa namba ya kudumu bila kudai senti. AfricArXiv ilianzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya watafiti wa bara hili. Mhitimu anayesoma barua hii aende huko leo, asisubiri kikao. Lakini kuweka kazi kabatini si sawa na kusimama nayo mbele za watu. Kabati haliulizi kwa nini sampuli zilitoka vijiji vitatu tu. Kabati halisemi kwamba kifaa chako hakikusanifishwa. Kabati haliandiki barua ya kukuombea nafasi ya uzamili. Mtafiti mchanga anahitaji mtu mwenye mvi asimame nyuma ya ukumbi aseme, "Kijana, hapo sijakuelewa." Hicho ndicho ninachokuja kununua, na hakimo kwenye begi.

Bodi ya Mikopo haina matatizo ya visanduku. Inajua fika kwamba mimi si mwanafunzi tena, na nikiajiriwa itakata asilimia 15 ya mshahara bila kuniuliza mimi ni nani kwenye fomu. Ikiwa taifa linaweza kumtambua mhitimu wakati wa kumdai, halishindwi kumtambua wakati wa kumsikiliza.

Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

1. Kisanduku cha nne, "Mhitimu", kwa yeyote aliyemaliza ndani ya miaka miwili na hana ajira, kwa ada ya mwanafunzi. Ushahidi uwe cheti au matokeo ya muda, si kitambulisho.

2. Ada idaiwe baada ya ikisiri kukubaliwa, si kabla. Anayekataliwa asilipie kukataliwa.

3. Kila kongamano litenge saa mbili za kikao cha wahitimu, dakika kumi kila mmoja, bila begi, bila chai, bila ada. Anayeishi Songea au Kigoma aruhusiwe kuwasilisha kwa mtandao.

4. Wasimamizi wetu, ambao majina yao yatakaa kwenye kazi hizi hata sisi tukiwa mtaani, watuombee nafasi hizo. Vyuo navyo viwaite wahitimu wa mwaka uliopita kwenye wiki zao za utafiti, kwa sababu ukumbi upo, spika zipo, na godoro hatudaiwi.

Msipojibu, sitakosa pa kusemea. Mwezi Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Wakulima watakuwepo, mahindi yatakuwepo, na swali langu wao ndio wanaolihitaji kuliko nyinyi. Ila mkulima atanisikiliza na kunishukuru. Hatanikosoa takwimu. Kosa langu likiwepo litaenda naye nyumbani, likaingie ghalani. Kazi ya kulikamata kosa hilo mapema ni yenu, na ndiyo sababu ya sayansi kuwa na makongamano.

Utafiti wa shahada ya kwanza umeshalipiwa. Umelipiwa na mkopo wa serikali, na mzazi aliyeuza mbuzi, na mkulima aliyetoa mahindi yake yapimwe bila malipo. Kumtoza tena kijana asiye na kazi ili kazi hiyo isikike ni kuwatoza hao wote mara ya pili. Ongezeni kisanduku.

Wenu katika ujenzi wa taifa la sayansi,

Mtafiti huru (uhuru huu sikuuomba)