Mgeni Kishikwambi: Mwongozo wa Kumpokea Chumbani kwa Daktari

Zamani chumba cha daktari kilikuwa cha watu wawili: mmoja anaeleza, mwingine anasikiliza na kuandika. Siku hizi wamo watatu. Huyu wa tatu chakula chake umeme, maji hataki hata tone, na uso wake unang'aa kuliko wa wenyeji wote. Jina lake Kishikwambi. Ndugu zake ni simu janja na zile kompyuta ndogo za mkononi zilizomtangulia. Tunakaa naye kila siku, ila hakuna aliyetufunda namna ya kukaa naye. Wahenga wametuachia pa kuanzia tu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya mama yangu. Anahudhuria kliniki ya presha, na mwaka juzi nilimsindikiza. Daktari, kijana mpole, alimwamkia vizuri: "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu." Baada ya hapo macho ya kijana yakashuka kwenye kioo na hayakupanda tena. Umri? Uzito? Dawa unameza kila siku? Kila jibu, kidole kinagonga. Mara mbili mama alifungua mdomo kusema neno, na mara mbili swali jipya likamwahi. Tukatoka na dawa zilezile. Tulipokaa kwenye bajaji ndipo akaniambia: "Nilitaka kumweleza hiki kikohozi. Usiku silali. Nikaona yule mtoto ana kazi, nikanyamaza."

Kikohozi cha mama hakikuwa na kisanduku cha kujaza. Basi wenyeji, tufundane.

Hatua ya kwanza: Mjue ukoo wake

Mgeni asiyejulikana ukoo huogopwa bure au hutukuzwa bure. Huyu anao. Mwaka 1996 Marekani ilitoka Pilot ya kampuni ya Palm, kompyuta ya kuingia mfuko wa shati, na kalamu yake ya kugusia kioo. Mwaka 1998 huko California ikaanzishwa Epocrates, na programu yake ikawapa madaktari kitabu kizima cha dawa kiganjani: dozi, madhara, na dawa zipi hazipatani zikikutana tumboni.

Huku kwetu naye hakuchelewa kufika. Kuanzia 2003 wahudumu wa afya wa Rakai na Mbale, Uganda, walikuwa wakikusanya takwimu na kusoma miongozo ya matibabu kwa kompyuta za mkononi. Kule Mtwara, watafiti waliuchukua mwongozo wa kutibu watoto wa chini ya miaka 5 wakautia ndani ya kifaa cha mkononi. Matokeo yao yalitoka 2008. Kwa njia ya kawaida, wahudumu walifanya asilimia 61 ya uchunguzi ambao mwongozo unataka mtoto afanyiwe. Walipoongozwa na kifaa, wakafika karibu asilimia 85. Hakuna aliyekuwa amewaongezea elimu katikati hapo. Walikumbushwa tu, hatua kwa hatua, na mtu aliyechoka saa nane mchana anahitaji kukumbushwa kuliko anavyohitaji kulaumiwa.

Hatua ya pili: Mpe jembe linalomfaa

Kazi anazoziweza mgeni huyu ni kuhesabu, kukumbuka na kutochoka. Mpe hizo, tena mjazie.

Chukua mtoto wa miezi minane, ana homa na kikohozi. Nesi anataka kujua kama mapafu yamepata shida. Mwongozo wa WHO na UNICEF unasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni mara 40 au zaidi. Hesabu hiyo inataka dakika nzima, mtoto ametulia kwa mama yake, nguo imepandishwa na tumbo linaonekana. Sasa jaribu wewe: jicho moja kwenye tumbo, jingine kwenye saa ya ukutani, sikio kwa anayebisha hodi. Ukifika 37 mtoto anapiga chafya, unaanza upya.

Mkabidhi mgeni saa. Kila tumbo linapopanda, nesi anagonga kioo kwa kidole bila kukitazama. Kifaa kinahesabu, kinakumbuka umri wa mtoto, kinatoa jibu. Macho ya nesi yamebaki kwa mtoto dakika nzima, na macho yaliyobaki kwa mtoto huona mengine: mbavu zinabonyea, midomo inabadilika rangi, mtoto hataki kunyonya. Jembe likishikwa hivyo, kifaa kimemrudisha nesi kwa mgonjwa.

Dozi nayo mpe. Kwa vidonge vya kawaida vya dawa mseto ya malaria, mtoto wa kilo 14 humeza kidonge kimoja kwa mara moja, wa kilo 15 humeza viwili. Kilo moja tu, dozi imekuwa mara mbili. Mpaka mwembamba hivyo usiulinde kwa kumbukumbu ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi.

Hatua ya tatu: Mkalishe ubavuni, na umnawishe

Mgeni huyu hupenda kukaa katikati ya wenyeji. Ukimweka kati yako na mgonjwa amekuwa ukuta. Ukimweka ubavuni, mkamtazama wote wawili, amekuwa dirisha. Mgeuze kidogo. Mwoneshe bibi mstari wa presha yake tangu mwaka jana, jinsi ulivyoshuka alipomeza dawa na ulivyopanda zilipomwishia. Hata asiyesoma anaelewa kilima na bonde.

Unapoandika, sema unachoandika: "Mama, naandika hapa kwamba miguu inavimba jioni." Kama umekosea atakurekebisha hapohapo, na ukimya ule wa kidole kugonga kioo hautamfanya ajione yuko peke yake.

Tena mgeni huyu hanawi. Ametoka wodini, akapita maabara, akawekwa juu ya kitanda, na sasa anashikwa karibu na kitovu cha kichanga. Mfute kwa dawa inayomfaa, kisha unawe wewe. Adabu ya kunawa kabla ya kugusa chakula tumeijua tangu utotoni, na mtoto mchanga ni mtukufu kuliko sinia la pilau.

Hatua ya nne: Usimtume kusalimia peke yake

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wote, na somo lake tuliandikiwa kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Kati ya 2007 na 2009, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, watu wazima 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Lingine lilipata, kila wiki, ujumbe mfupi wa simu wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Simu ya kitochi ilitosha. Matokeo yalichapishwa 2010 katika jarida la The Lancet. Waliozingatia dawa zao vizuri walikuwa asilimia 62 katika kundi la "Mambo?" na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48.

Neno moja lilifanyaje kazi yote hiyo? Tazama nyuma yake. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza, naye alipigiwa. Ujumbe haukuwa kengele ya kumkumbusha mtu kidonge, na wala haukutaja dawa. Ilikuwa hodi, na nyuma ya hodi alisimama mtu aliye tayari kuingia. Ukinunua mitambo ya kutuma "Mambo?" kwa watu laki moja bila kumwajiri hata mmoja wa kuwapokea wenye "Shida", umejenga kibaraza kisicho na nyumba.

Hatua ya tano: Mfunde kuficha siri

Mgeni huyu anakumbuka kila kitu, na huo ndio uzuri wake na hatari yake. Daftari la zamani likiibwa, zimeibwa siri za zahanati moja. Kishikwambi kilichounganishwa na mfumo mzima kikiachwa wazi mezani, ni mlango wa nyumba nyingi. Mpe neno la siri, na neno hilo lisiwe 1234 wala lisibandikwe mgongoni mwake kwa plasta. Usipige picha ya majibu ya mgonjwa ukaitupia kwenye kundi la WhatsApp ili kuuliza wenzako. Kama huna budi kuuliza, funika jina kwanza na umwombe mwenyewe ruhusa.

Sheria nazo zipo. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini bibi zetu hawakungoja sheria. Walijua kwamba aibu ya mgonjwa ni amana, na amana haitembezwi.

Hatua ya sita: Usimbebeshe mwenyeji mizigo miwili

Hatua hii ni ya wakubwa, wanaoleta wageni bila kuuliza kama nyumba ina kitanda. Ingia zahanati yoyote yenye kishikwambi ukaangalie meza ya nesi. Kifaa kipo. Pembeni yake mara nyingi yapo madaftari ya MTUHA, yale ya taarifa za huduma za afya, makubwa kama sinia, yenye safu zilezile za kujazwa. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara mbili, wakati mwingine mara tatu, kwa sababu kila mradi umekuja na programu yake. Dakika zinazoliwa hapo hazitoki mbinguni. Zinatoka kwa mgonjwa aliye kwenye benchi nje.

Ukileta kifaa, ondoa daftari. Au kama daftari lina sababu ya kubaki, ieleze sababu hiyo. Leta na paneli ya jua, na chaji ya akiba, na programu inayofanya kazi mtandao ukikatika na kutuma baadaye ukirudi. Na takwimu zikishapanda juu, zishuke tena zikiwa kitu. Mwaka 2009 hadi 2010 Tanzania ilijaribu mpango wa SMS for Life katika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki kituo kilituma kwa ujumbe mfupi idadi ya dawa za malaria zilizobaki. Mwanzoni vituo vilivyokosa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78. Baada ya wiki 21 vikawa asilimia 26. Aliyetuma namba aliona dawa zikija. Mtumie mhudumu dawa na ataendelea kutuma namba bila kusimamiwa.

Hatua ya saba: Nawe mgonjwa, usije mikono mitupu

Simu yako ni mgeni wako wewe, nayo ipe jembe. Piga picha maboksi ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za dukani na jina la ile ya mizizi. Kama una mashine ya presha nyumbani, kaa utulie dakika 5, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, kisha upime na uandike tarehe na namba. Mlio wa kukumbusha kumeza dawa uweke saa ya chai, maana chai huwezi kuisahau.

Ukiuliza dalili zako kwenye simu, itakupa majina kumi na hofu ishirini. Hayo majina usiyafanye hukumu. Yageuze kuwa maswali matatu, uyaandike, uingie nayo. Na jambo lililokuleta liseme la kwanza, kabla ya salamu kupoa.

Mama yangu alijifunza hilo, lakini hakulihitaji. Safari iliyofuata tulimkuta daktari mwingine, dada wa makamo. Naye alikuwa na kishikwambi, naye alijaza visanduku vyake vyote. Alipomaliza alikilaza mezani kifudifudi, akaweka mikono yake mapajani na kuuliza, "Kingine, mama?" Halafu akanyamaza. Ukimya ule ulidumu kidogo, feni ikizunguka juu yetu, na mama akasema: "Kuna kikohozi, mwanangu. Kikavu. Tangu nianze zile dawa."

Daktari akakiinua kishikwambi, akaandika jina la dawa, enalapril, akatugeuzia kioo. Kwenye orodha ya madhara kilikuwepo: kikohozi kikavu. Kilikuwepo siku zote, hata siku ile ya kwanza. Akambadilishia dawa, akampa losartan, na baada ya wiki chache mama akawa analala usiku kucha.

Kifaa kilikuwa na jibu tangu mwanzo. Kilikuwa kinangoja mtu aulize.