Binamu wa Mkorosho Aliyeko Marekani

Walioko nyumbani waambiwe mapema: Marekani, nchi ambayo bunduki huuzwa dukani, kuna watu wazima wanaoruka pembeni kwa kuogopa jani. Halina mwiba wala harufu. Mmea wake huitwa poizoni aivi. Hutambaa chini au hupanda miti ukiwa umeng'ang'ania gome kwa vimizizi vyenye manyoya, na kila kikonyo hubeba vijani vitatu.

Mtu wa pwani huanza kwa kucheka. Upupu si anaujua? Ukimgusa, anajikuna papo hapo na mtaa mzima unapata habari. Huyu wa Marekani ana subira ya mwenye duka anayedai: mtu anapita msituni Virginia Jumamosi, anarudi, anakula, analala. Jumapili au Jumatatu ndipo mistari myekundu inapochomoza mikononi, kisha malengelenge, na mwasho unaoweza kumkalia wiki mbili au tatu.

Kumbe poizoni aivi ni ukoo mmoja na mwembe na mkorosho! Mafuta yake, urushioli, yanafanana sana na kemikali za ganda la korosho, zile zinazobabua mikono ya wabanguaji, na za utomvu wa embe unaowatoa watoto vipele midomoni. Wa Newala, kwenye mikorosho, asijidai ana kinga. Ngozi iliyokwisha kugombana na ndugu mmoja huweza kugombana na ukoo wote.

Kapteni John Smith, mlowezi Mwingereza wa Jamestown, Virginia, aliueleza mmea huu katika kitabu chake cha mwaka 1624. Wageni wamejikuna siku nyingi.

Mafuta hayo hukaa kwenye viatu, mpini wa jembe, hata manyoya ya mbwa. Mbwa mwenyewe kwa kawaida hadhuriki. Anayemkumbatia ndiye atakayekesha. Mmea mkavu nao bado unawasha. Anayejishuku anaoga haraka kwa sabuni na maji mengi, kisha anafua nguo hizo bila kuzichanganya na nyingine. Kuuchoma moto, kama wakulima wanavyoandaa shamba, ni hatari kubwa: moshi hupeleka mafuta hadi mapafuni. Malengelenge yenyewe hayaambukizi, ingawa mgonjwa akienda kazini, wenzake watasogeza viti.

Mbuzi huutafuna bila wasiwasi. Basi Wamarekani hukodi mbuzi! Kundi huletwa kwa gari, huzungushiwa uzio, hula uwanja wa mtu mchana kutwa, na mwenye mbuzi hulipwa. Newala, kwa kosa hilohilo, angeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji akalipe fidia.