Moja Isiyo na Haraka

Wenye pupa huwacheka bure Wafaransa wa kundi la Bourbaki. Tangu miaka ya 1930 wanaandika kitabu cha pamoja cha hisabati, na utaratibu wao ni wa kistaarabu: mmoja huleta rasimu, wenzake huisoma kwa sauti na kuichanachana, kisha mwingine hupewa aanze upya. Mpaka wote waridhike. Wazee wa kikao cha mahari wangesema hapo pana haraka.

Na matunda yameonekana. Mwaka 2002 mwanahisabati Adrian Mathias alikaa akahesabu: kuiandika 1 kwa fasili yao ya awali, bila vifupisho, kwahitaji alama 4,523,659,424,929. Hiyo ni moja tu. Na kabla ya hesabu hiyo, katika kuboresha, walikuwa wameshabadilisha fasili ya jozi, na moja ikanenepa: kwa fasili mpya idadi ya alama zake ina tarakimu zaidi ya 50. Maboresho ndiyo hayo.

Muuza maandazi wa mtaani kwetu, maskini, huiandika kwa mkaa ukutani, mstari mmoja wima, na deni hulipwa. Fasili hana. Nilimwuliza kama ana uhakika ile ni moja. Akanitazama, akaongeza mstari wa pili.