Jinsi ya Kulipua Fataki Katangi Bila Kumkimbiza Punda wa Jirani

Umerudi nyumbani Katangi, Yatta, kwa Krismasi, na chini ya nguo zako begini kuna pakiti ya fataki uliyoinunua Nairobi. Unataka saa sita usiku wa kuamkia Mwaka Mpya kijiji kizima kitazame juu. Nia hiyo naiunga mkono kabisa. Watoto wa Yatta nao wanastahili kuona anga ikiwaka rangi, kama wanavyoona wenzao wa Parklands, Nairobi, wakati wa Diwali. Ila weka kiberiti mfukoni kwanza.

Jua ulichobeba. Mbele ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115 ya Sheria za Kenya, fataki yako imeketi benchi moja na baruti ya kupasulia mawe. Kuiingiza nchini, kuiuza, kuisafirisha na kuilipua ni mambo yanayotaka leseni au kibali, na mlango wa kubisha ni wa wakaguzi wa vilipuzi, katika wizara inayosimamia madini. Chifu hana mamlaka ya kukuandikia barua ya kulipua, hata akiwa mjomba wako. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji leseni yake. Akianza kukupunguzia bei badala ya kukujibu, ondoka dukani.

Kisha kumbuka ulivyosafiri. Matatu ya abiria 14, begi limesukumwa chini ya kiti, kando yako mama na mtoto mchanga, nyuma yako mtu kakumbatia mtungi wa gesi. Sheria haikutaka kukunyima sikukuu ilipodai kibali cha kusafirisha vilipuzi. Iliwafikiria hao abiria wengine, ambao walilipa nauli bila kujua wamekaa na nini.

Vijiti vya cheche, vile vinavyochomekwa kwenye keki, vinawahadaa wengi kwa sababu havina mlio. Ncha ya kijiti kinachowaka hupita nyuzi joto 1,000 za selsiasi. Maji ya chai huchemka kwa 100. Hebu sasa mtazame mtoto wa miaka minne aliyekabidhiwa kijiti hicho, amevaa gauni jipya la nailoni, anazunguka nacho huku watu wazima wakipiga picha. Mnyang'anye. Alie. Mpe kipande cha keki.

Tuje kwenye kelele. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinamtaka anayepanga kulipua fataki aombe kibali kwanza. Kanuni hizohizo zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika makazi ya watu kiwango cha nje usiku ni desibeli 35. Mlipuko mmoja wa fataki, ukiwa karibu, unaweza kupita 120. Saa sita yako ya Mwaka Mpya imeangukia katikati kabisa ya muda ambao sheria inawalinda waliolala. Ndiyo sababu kibali hakiombwi saa tano na nusu usiku, mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine ukiwa na utambi.

Ukishapata karatasi, nenda kituo cha polisi, halafu kwa naibu wa chifu, halafu kwa wazee wa Nyumba Kumi. Usiruke hata mmoja. Kumbuka mshindo usiotangazwa unavyoweza kuua: tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, alfajiri, umeme ulilipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wameshambuliwa, wakaruka madirishani na kukanyagana. Mmoja alikufa, na zaidi ya 100 wakaumia. Hapakuwa na gaidi hata mmoja. Kulikuwa na mshindo tu, na watu wasiojua ulikotoka. Katangi nako kuna familia zilizosomesha watoto vyuoni mwaka ule. Mtu akiambiwa mapema kwamba saa sita utasikika mshindo, atatoka nje kutazama. Asipoambiwa, ataingia chini ya kitanda na wajukuu wake.

Wanyama hawawezi kuarifiwa, kwa hiyo arifu wenye wanyama. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataja pia kumtisha mnyama kikatili. Na huku kwetu punda ndiye bomba la maji: akikata kamba usiku na kutokomea, susu (nyanya) wa jirani anauanza mwaka bila maji ya kupika. Waombe wafunge mbuzi ndani na wahamishe punda mbali. Ukiona inabidi, lipa watu wa kuwachunga. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya fataki, ila haikuandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu moto, Katiba ya 2010 iliipa kaunti huduma za zimamoto, lakini gari likitoka Machakos, nyasi za paa hazitalisubiri. Teka maji mchana. Chagua uwanja mtupu, mbali na maboma, nyasi kavu na ghala la mahindi. Anayewasha awe mtu mzima ambaye hajaonja pombe tangu asubuhi, jambo ambalo tarehe 31 Desemba linapunguza sana orodha ya wanaofaa. Ukimkosa, ahirisha.

Fataki ikikataa kulipuka, usiichungulie wala usiiwashe tena. Iache ikae kwa muda mrefu, uimwagie maji tele, kisha mrudishie mwenye leseni aliyekuuzia. Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, zunguka uwanja uokote maganda yote: mbuzi hula chochote, na mtoto wa Katangi hawezi kuacha kitu chenye rangi bila kukipiga jiwe.