Waraka kutoka Cheptais kwa walinzi wa maneno

Kwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano,
Nairobi.

Waheshimiwa Makamishna,

Mimi ni mkulima wa Cheptais, mteremkoni mwa Mlima Elgon. Kazi mliyokabidhiwa na sheria ya 2008 ni nzito, nami natamani ifaulu. Ndiyo maana nawaandikia bila kuzunguka.

Aprili 2022, uchaguzi ukikaribia, mlitangaza orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Humo mlikuwa na madoadoa, kwekwe, mende, chunga kura na hatupangwingwi. Kwekwe nazing'oa kila msimu wa palizi, na maharagwe ya madoadoa tunayapima sokoni kwa gorogoro. Sisemi hayo kwa mzaha. Tangu mapigano ya miaka ya tisini, aliyeitwa doa huko Bonde la Ufa alielewa kwamba anaambiwa afunge virago. Mende nalo lilitangulia mapanga Rwanda mwaka 1994. Lakini hatupangwingwi? Hilo ni neno la mtu anayekataa kuamuliwa na wakubwa. Kulitia kapu moja na mende ni kuwakosea heshima waliokufa. Na anayeniambia nichunge kura yangu ananikumbusha haki yangu.

Orodha haiulizi nani kasema, kamwambia nani, wakati gani, akitaka nini. Katiba yetu inauliza. Ibara ya 33 inalinda kauli ya kila mtu, kisha inaondoa ulinzi huo kwa uchochezi wa ghasia, propaganda ya vita na matamshi ya chuki. Imetaja matendo, haikutunga kamusi. Mchochezi mkimnyima neno leo, kesho atakuja na jingine, na wafuasi wake watamwelewa kabla yenu.

Huku kwetu orodha tunazijua vizuri. Iliyotuua haikuwa ya maneno, ilikuwa ya majina ya waliopewa mashamba. Mpango wa makazi wa Chebyuk ulianza 1971, ukaja kwa awamu tatu, na kila awamu jina la huyu likaingia na la yule likatoka. Kutoka kwenye ugomvi wa mashamba hayo likazuka kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force), na kati ya 2006 na 2008 likaua zaidi ya watu 600. Wengine liliwakata masikio. Machi 2008 likaja jeshi, na wanaume wakakusanywa kambini Kapkota. Wapo waliorudi wakiwa na vilema vya mateso, wapo wasiorudi. Miaka hiyo yote hapakuwa na aliyethubutu kutamka hadharani jina la muuaji. Kunyamaza kumetugharimu vya kutosha, waheshimiwa. Msituongezee.

Mwaka uleule wa orodha yenu, katika baraza moja, mama mmoja alianza kueleza alivyoitwa na watu walioingia kwake usiku. Akakatizwa: neno hilo limekatazwa. Akaketi. Aliyemtukana hakuwepo kuulizwa lolote, ila aliyetukanwa ndiye aliyefungwa mdomo.

Wenye majukwaa, kwa upande wao, sijaona orodha ikiwapunguzia kitu. Januari 2022 Seneta Mithika Linturi alikamatwa baada ya kutamka madoadoa mkutanoni Eldoret. Oktoba mwaka huohuo, orodha yenu ikiwa tayari imetoka na neno hilo likiwamo, akaapishwa kuwa Waziri wa Kilimo. Hatia si yangu kuipima, hiyo ni ya mahakama. Ninachouliza ni hiki: kijana wa bodaboda wa hapa Cheptais, asiye na wakili, angepanda ngazi hiyohiyo?

Ombi langu ni kwamba orodha hiyo ikunjwe. Anayewaambia watu wachome nyumba ya jirani ashtakiwe kwa hilo, hata akitumia maneno matamu, na kesi ikiisha mje mtusomee hukumu barazani, kwa lugha tunayoielewa. Mkija, mjitengee siku nzima. Mama yule bado yupo, juu kidogo ya soko, na hajamaliza kusimulia.

Wenu kwa heshima,
Mkulima wa Cheptais